Utangulizi: Skonzi za Hamira na Siagi Tamu

Nimeamua kuanza somo hili la uokaji kwa skonzi, si kwa boflo wala kwa mahamri, na msomaji anastahili kuelezwa sababu. Mkate wa kawaida unaweza kutengenezwa kwa unga, maji, chumvi na hamira tu. Skonzi laini inataka zaidi: maziwa, sukari, siagi, yai. Kila kimoja kati ya hivyo huongeza ladha na papo hapo huleta taabu yake. Sukari huichosha hamira, siagi huzuia protini za ngano zisishikane, maziwa mabichi hulegeza donge. Anayeelewa jinsi mambo hayo yanavyopatanishwa ndani ya donge la gramu 60 ameshika sehemu kubwa ya fani tunayoiita kemia ya nafaka, ile inayofundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na Egerton kule Njoro. Na skonzi hizi nitakuomba uzile na siagi iliyopigwa pamoja na asali na mdalasini. Siagi hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Kuna jambo moja linalopita katika sura zote za kitabu hiki, nalo ni joto. Hamira, protini, wanga, siagi, kila kimoja kina nyuzi zake za kufanya kazi, za kulegea, za kuganda na za kufa. Mapishi mengi tunayoyasoma yametungwa kwenye majiko ya nchi za baridi, na humpa mpishi saa badala ya joto: acha donge saa moja na nusu, lainisha siagi mezani nusu saa, tumia maziwa ya vuguvugu. Mpishi wa Dar es Salaam akiyafuata neno kwa neno mwezi wa Februari, nje kukiwa nyuzi 32 za Selsiasi, donge lake litapitiliza kabla hajamaliza kuosha vyombo, na siagi yake itakuwa mafuta. Wengi hapo hujilaumu na kusema hawana mkono wa kuoka. Kosa si la mkono. Maelekezo yale ni ya jiko la nyuzi 20.

Tuanze na hamira, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyo hai. Zile chembe za kahawia kwenye pakiti ni kuvu wa seli moja, Saccharomyces cerevisiae, na gramu moja ina mabilioni ya seli. Kabla ya pakiti kila jamii iliyooka ilikuwa na chachu yake: donge lililobaki jana, povu la bia, na huko Goa, tembo la mnazi. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona seli za hamira mwaka 1680 kwa lenzi alizozisaga mwenyewe, lakini hakutambua kuwa ni viumbe hai. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1830, Charles Cagniard de la Tour wa Ufaransa na Theodor Schwann wa Ujerumani waliposema, kila mmoja kwa njia yake, kwamba hamira inakua na kuzaana. Baadhi ya wanakemia wakubwa wa siku zile waliwafanyia dhihaka hadharani. Louis Pasteur ndiye aliyewapa haki yao katika miaka ya 1850 na 1860. Kisha mwaka 1897 Eduard Buchner akaonyesha jambo ambalo hata Pasteur hakulitarajia: juisi iliyokamuliwa kutoka kwenye hamira iliyosagwa, isiyo na seli hai hata moja, bado huchachusha sukari. Hapo ndipo elimu ya vimeng'enya ilipopata msingi, na Buchner akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Huku wanasayansi wakibishana, wafanyabiashara hawakukaa. Charles Fleischmann alianza kuuza hamira iliyogandamizwa mjini Cincinnati, Marekani, mwaka 1868. Hamira kavu ya chembechembe ilitengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili majeshi yaoke mbali na majokofu, na katika miaka ya 1970 ikaja hamira ya papo kwa papo, inayochanganywa moja kwa moja na unga. Hii ya mwisho ndiyo tunayoikuta zaidi madukani kwetu. Hata hivyo mapishi mengi bado yanaamuru iloweshwe kwanza kwenye maji ya moto na sukari. Ni agizo la hamira ya zamani. Kwa hamira ya papo kwa papo halina kazi, na kwa mpishi wa pwani lina madhara, kwa sababu linaingiza joto pasipohitajika.

Ndani ya donge, hamira hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi pamoja na alkoholi. Alkoholi sehemu kubwa huondoka na mvuke mkate ukiwa motoni. Gesi nayo ingetoroka, isingekuwa ngano. Ukiliosha donge la unga wa ngano kwenye maji mpaka wanga utoke, utabaki na kitu cha kijivu kinachovutika kama ulimbo. Jacopo Beccari wa Bologna alifanya hivyo, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745. Kitu hicho ni gluteni. Katika unga mkavu haipo bado. Hujengeka pale protini mbili, gliadini na glutenini, zinapokutana na maji. Gliadini hulifanya donge livutike, glutenini hulifanya lirudi lilipotoka. Mahindi, muhogo na mchele hazina jozi hiyo, na ndiyo maana mkate wa kumimina wa Zanzibar, wenye mchele na tui la nazi, lazima uegemee chombo chake mpaka uive, wakati skonzi husimama yenyewe.

Kukanda ni kuzipanga nyuzi za gluteni. Kata kipande kidogo cha donge na ukivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Kikitanda na kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, acha kukanda. Kikichanika mapema, endelea. Siagi iingie baada ya donge kuanza kushikana, kidogo kidogo, kwani mafuta yakiwahi kuzipaka protini, maji hayazifikii vizuri. Waokaji wanaotupa kila kitu bakulini kwa mara moja hupata skonzi pia, ila hukanda muda mrefu zaidi na wengi wao hukata tamaa katikati.

Kiwango nitakachokitumia kitabu kizima ni kimoja: unga wa ngano gramu 500, maziwa yaliyochemshwa na kupozwa gramu 300, yai moja, sukari gramu 50, siagi gramu 50, chumvi gramu 9, hamira ya papo kwa papo gramu 7. Hutoa skonzi 16. Waokaji huhesabu kila kitu kama asilimia ya unga, kwa hiyo sukari hapa ni asilimia 10. Ukizidisha, sukari huanza kuvuta maji kutoka kwenye seli za hamira na kuumuka hupungua kasi. Utamu mwingi zaidi nimeuhamishia kwenye siagi ya kupaka, ambako haumsumbui yeyote. Kuhusu maziwa, protini fulani za maziwa mabichi hulegeza gluteni, na kuchemsha huziondolea nguvu hiyo. Katika nyumba nyingi za kwetu maziwa huchemshwa kwa usalama hata hivyo, basi hatua hiyo umeshaimaliza. Na tafadhali nunua mizani. Kikombe cha unga kinaweza kubeba gramu 120 ukichota kwa kijiko, au 150 ukishindilia. Kwa vikombe vinne tofauti hiyo ni gramu 120, na hakuna donge linaloweza kuivumilia.

Sasa tufike kwenye hesabu ninayoiona kuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo fani hii inampa mpishi wa nyumbani. Donge la skonzi likimaliza kukandwa linafaa kuwa na nyuzi 27 hivi. Joto hilo linatokana na unga, chumba, kimiminika na msuguano wa mikono. Kwa hiyo zidisha 27 kwa tatu, upate 81. Toa joto la unga, toa joto la chumba, toa nyuzi mbili za msuguano. Kinachobaki ni joto la maziwa. Chukua Dar es Salaam, unga na chumba vikiwa nyuzi 30 kila kimoja: 81 ukitoa 30, ukitoa tena 30, ukitoa 2, unabaki na 19. Maziwa yanatakiwa kuwa ya baridi, yametoka kwenye friji na kukaa kidogo. Nenda Njombe mwezi wa Juni, unga na chumba vikiwa nyuzi 17, na hesabu ileile inakupa 45. Hapo ndipo maziwa ya vuguvugu yanapostahili kutajwa. Kiwango ni kilekile, hamira ni ileile, na maziwa yanatofautiana kwa nyuzi 26. Nimewaona wanafunzi wakibadilisha aina ya unga, wakibadilisha hamira, wakiongeza mayai, ili kutibu tatizo ambalo hesabu hii ingelimaliza kwa dakika moja.

Mwenye mashine ya kukandia atoe nyuzi nyingi zaidi kwa msuguano, kwa sababu mashine hupasha donge kuliko mikono. Asiye na kipimajoto atumie ngozi ya kifundo cha mkono: maziwa yasiyohisiwa moto wala baridi yanakaribia nyuzi 35, na kwa mtu wa pwani hayo tayari yamezidi.

Baada ya hapo saa haina mamlaka. Donge liko tayari linapokuwa mara mbili ya lilivyokuwa, na ukilibonyeza kwa kidole chenye unga kidogo juu yake, shimo hurudi polepole bila kujaa lote. Likiumuka haraka sana hupata gesi nyingi na ladha haba, kwa kuwa asidi na manukato hujengeka kwa muda. Anayeishi penye joto ana njia nzuri ya kupata muda huo: aliache donge usiku kucha kwenye friji, kwa nyuzi 4 hivi, na alikate asubuhi. Mimi naipenda njia hii kuliko nyingine yoyote. Donge la baridi hukatika vizuri, halinati mikononi, na skonzi zake zina harufu ambayo zile za donge la saa moja haziipati.

Njia nyingine ya kupata ulaini imetoka Asia ya Mashariki. Wajapani na Wachina wana desturi ya kupika sehemu ndogo ya unga kabla ya kuuchanganya na uliobaki, na Yvonne Chen wa Taiwan aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 2007 ambacho jina lake linataja nyuzi 65. Toa gramu 25 za unga na gramu 125 za maziwa kutoka kwenye kiwango chetu, koroga juu ya moto mpaka uwe mzito na mwiko uache njia, kisha pooza. Kwenye nyuzi hizo chembe za wanga hufura na kushika maji ambayo zisingeyashika zikiwa baridi, na maji hayo hubaki ndani ya skonzi siku mbili au tatu. Huu ni uji. Mtu aliyezoea kukoroga uji wa mtoto hana cha kujifunza hapa ila kuepua mapema.

Motoni mambo hufuatana kwa utaratibu wa joto. Kwanza gesi hupanuka na hamira hufanya kazi kwa haraka ya mwisho, mpaka inapokufa kati ya nyuzi 55 na 60. Kuanzia hapo wanga hufura na kuganda, protini hushikana, na umbo la skonzi linakuwa la kudumu. Ganda la juu likishakauka hupita nyuzi 100, na linapokaribia 140 asidi za amino na sukari huanza kuungana kwa kasi na kuleta rangi ya kahawia na harufu tunayoitambua tukipita karibu na tanuri. Louis Camille Maillard alilieleza tendo hilo mwaka 1912. Oveni ya nyuzi 180, dakika 15 hadi 18, inatosha, na katikati ya skonzi iliyoiva pana nyuzi 90 hivi. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usingoje kipimajoto kifike 98 kama vitabu vingine vinavyotaka. Utakausha skonzi bure. Wasio na oveni hawajaachwa nje ya somo. Sufuria nzito yenye kifuniko bapa, makaa machache chini na mengi yaliyopaliwa juu, huoka vizuri sana. Sura nzima imetengwa kwa ajili ya jiko hilo, maana vitabu vya uokaji hulisahau ilhali ndilo lililolea waokaji wetu wengi.

Desturi ya kula mikate hii na siagi iliyotiwa utamu imekolea zaidi Marekani. Hoteli ya Parker House, iliyofunguliwa Boston na Harvey Parker mwaka 1855, iliupa jina lake mkate mdogo uliopakwa siagi na kukunjwa katikati, na Fannie Farmer akauingiza katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896. Karibu karne moja baadaye, Texas Roadhouse, mgahawa ulioanza mwaka 1993 huko Clarksville, Indiana, ulizoesha wateja wake kuletewa mikate ya moto pamoja na siagi ya asali na mdalasini kabla ya nyama. Naipokea siagi hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu vikolezo vyake vinalimwa au kurinwa kwetu. Asali ya Tabora hutoka kwenye misitu ya miombo. Mdalasini uko Zanzibar, iliki iko Usambara Mashariki, vanila iko Kagera.

Mdalasini una sababu ya kuwekwa kwenye siagi badala ya donge. Kemikali inayoupa harufu yake, sinamaldehaidi, huzuia ukuaji wa kuvu, na hamira ni kuvu. Donge lenye mdalasini mwingi huumuka kwa shida. Ukiutia kwenye siagi, unafika mdomoni mzima na haukumgusa mfanyakazi wako, hamira.

Siagi yenyewe ni mafuta kwa asilimia 80 au zaidi kidogo, na karibu asilimia 16 ni maji yaliyotawanyika kama matone madogo. Kwenye nyuzi 18 hadi 20 ni laini na inashika hewa ikipigwa. Ikipita 30 sehemu kubwa ya mafuta yake imeyeyuka na hewa haikai. Kwa hiyo pwani bakuli la kupigia likae ndani ya bakuli kubwa la maji yenye barafu, na mpishi apige kwa vipindi vifupi. Chukua siagi isiyo na chumvi gramu 120 na uipige mpaka ipauke. Tia asali gramu 40 kidogo kidogo, kwani asali ina maji yake, na ukiimimina yote siagi hukatika. Malizia na nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga na chembe za chumvi. Chumvi hiyo usiiache. Bila yake utamu hauna mahali pa kushika. Watu huniuliza kuhusu majarini. Huvumilia joto zaidi, na ndani ya donge inafanya kazi inayokubalika, lakini kwa kupaka nashikilia siagi, kwani huyeyuka kwenye joto la mdomo na kuachia harufu yote. Samli haishiki hewa kwa namna ileile, ila ukiipaka juu ya skonzi zinapotoka motoni, ganda hulainika na kung'aa.

Skonzi zilizobaki usizitie kwenye friji. Wanga hujipanga upya na kuwa mgumu upesi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani. Zigandishe kabisa, au zifunike, kisha uzipashe: ukizipitisha nyuzi 60 ule mpangilio huvunjika na ulaini hurudi kwa muda.

Fani hii haiishii jikoni. Ngano imekuwa zao la taabu katika ukanda wetu tangu mlowezi Lord Delamere alipoipanda Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita na kuona ugonjwa wa kutu ukiimaliza, na utafiti wa aina zinazohimili kutu umekuwa ukiendelea Njoro tangu enzi za ukoloni. Aina ya kutu iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, iliwashtua wataalamu wa ngano dunia nzima, na Njoro ikawa mahali ambapo mbegu za nchi nyingi hupelekwa kujaribiwa. Tanzania ilifungua mashamba makubwa Hanang kwa msaada wa Kanada, Kenya ina Narok na Uasin Gishu, na bado nchi zote mbili huagiza ngano nyingi kutoka nje. Ndiyo maana swali la kuchanganya ngano na mazao yetu linarudi kila mara. Kenya na Rwanda tayari zimeingiza viazi vitamu vya rangi ya chungwa kwenye mikate na biskuti za viwandani. Muhogo una ugumu zaidi, kwani kila gramu yake inapunguza gluteni. Lakini mtu akiupika kwanza kuwa uji, kama tulivyofanya na ngano, huenda donge likabeba mwingi kuliko linavyobeba ukiwa mkavu. Swali hilo, na lile la tui la nazi badala ya maziwa, na lile la jinsi joto linavyopanda chini ya kifuniko chenye makaa dakika kwa dakika, yanaweza kuchunguzwa na yeyote mwenye mizani, kipimajoto na daftari. Oka kwanza kiwango chetu kilivyo, mpaka mkono uzoee. Kisha badilisha kitu kimoja tu kila unapooka, na kila mara uandike joto la chumba, la unga na la donge.